Daftari la Ligi ya Delta

Guangzhou, 9 Agosti 2009

Mwenyekiti Zubeir,

Barua hii inakuja kwa mkono wa Chausiku, anayerudi Unguja na mzigo wake, maana simu siziamini, na barua pepe ni za watu wasiojua kumaliza sentensi. Uliondoka mwezi wa sita bila kuaga kamati. Nalisema hili mwanzoni nisije nikalisema katikati kwa hasira.

Jumapili iliyopita nilifika uwanjani saa tatu asubuhi kama kawaida yangu, na filimbi, mpira na daftari. Ratiba ilisema Zhanxi dhidi ya Foshan. Walikuja watu saba. Saba, katika ligi ya timu nane na wachezaji mia moja na kumi na wawili! Getini walikaa polisi wawili kwenye viti vya plastiki, wanatafuna mbegu za alizeti. Hawakumwuliza mtu pasipoti. Walikuwa na haja gani? Mashujaa wetu wa mtaa wa Xiaobei, waliokuwa wakitukaniana mama kwa sababu ya mpira wa kona, sasa wamejifungia vyumbani na wanaagiza wali kwa simu.

Basi ligi imekufa, na mimi katibu wake naandika historia yake. Usicheke. Nimesoma historia za madola yaliyodumu muda mfupi kuliko ligi yetu, nayo yamepewa juzuu tatu tatu. Sisi tumecheza misimu sita, 2004 hadi 2009, Guangzhou, Foshan, Dongguan mpaka Shenzhen, na bila kitabu watu watasema tulikuja huku kununua soksi tu.

Sura ya kwanza ni yako, na sitakupamba. Nimeandika kwamba uliianzisha ligi kwa uvivu, ukisubiri kontena lako lifungwe bandarini Nansha. Nimeandika pia ile kanuni ya ajabu ambayo hakuna ligi nyingine duniani iliyowahi kuwa nayo: mechi inaahirishwa timu ikiwa na wachezaji watatu bandarini wanapakia mzigo. Sura ya tatu ni ya mamluki. Unakumbuka Foshan walivyomleta yule mshambuliaji aliyekuja kufanya majaribio katika klabu ya Wachina, wakatuapia kwamba ni mnunuzi wa vigae? Mnunuzi wa vigae alifunga mabao matano ndani ya nusu saa. Ndipo nilipoanzisha daftari: jina, nakala ya pasipoti, siku viza inapokwisha, mtaa na chumba. Asiyemo hachezi. Kila Jumapili nilisimama pembeni ya uwanja nikaita majina, mmoja mmoja, nikilinganisha sura na picha. Wakanipachika jina la Afisa Uhamiaji. Wajinga hawapendi utaratibu mpaka uwaokoe.

Sura ya mwisho ni ya usaliti. Tarehe kumi na saba Juni, Haroun, kipa wetu, alikamatwa saa sita mchana kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu. Saa kumi alikuwa nje anakunywa chai. Tangu lini mtu wetu akakaa kituoni muda wa saa nne tu akatoka? Magharibi ile ile polisi waligonga milango kumi na mmoja wakiwa na orodha mkononi, wakawachukua watu tisa, Mwadini mmoja wao. Na msaliti mwenyewe alivyokuwa mzembe! Polisi walimfuata beki wetu Burhani katika chumba alichokihama kabla ya Olimpiki ya mwaka jana.

Jina la Haroun nitaliandika kamili, pamoja na la baba yake.

Salvatory Ndunguru
Katibu

*

Kikwajuni, Unguja
27 Agosti 2009

Ndugu yangu Mwalimu Salvatory,

Salamu nyingi baada ya barua yako, niliyoisoma nikiwa na saumu, na nadhani ndiyo iliyonisaidia nisijibu siku ile ile. Mie sijambo. Huku joto, na mwezi mtukufu unakwenda vizuri.

Umesema kweli, niliondoka bila kuaga. Na kuhusu uvivu wangu, andika upendavyo, hata mama watoto amekubaliana nawe.

Nina ombi moja tu. Sura ya mwisho iache. Au iandike bila ya jina la Haroun. Kijana amerudi, yuko hapa mjini, anauza simu karibu na Darajani. Alikuwa amemposa Fathiya tangu mwaka jana, na Fathiya ni dada yake Mwadini, yule yule unayemtaja. Mwadini alikaa mahabusu huko siku ishirini na tatu kabla ya kurejeshwa, na unaweza kufahamu ana moyo gani. Watu wamemletea maneno ya Xiaobei. Amesema hatamhukumu mtu kwa maneno ya barazani. Ila amesema pia, akipata ithibati, dada yake haolewi na mtu aliyemuuza kaka yake. Harusi imepangwa baada ya Idi.

Wewe unaheshimika, Mwalimu. Neno lako likichapwa, kwa Mwadini ni ithibati. Wacha mambo yapoe. Si kila kilichotokea lazima kiandikwe.

Nduguyo,
Zubeir

*

Guangzhou, 13 Septemba 2009

Mwenyekiti,

"Si kila kilichotokea lazima kiandikwe." Sentensi hii ingechongwa kwenye mlango wa kila ofisi iliyowahi kula mali ya umma. Watu wa pwani mna maradhi, nayo mnayaita ustaarabu. Mtu akioza mnamfukizia udi.

Unaniomba huruma lakini hunipi hoja hata moja. Hukuniambia kwamba Haroun hakufanya. Umeniambia kwamba ana harusi! Nami nilitafuta ushahidi kama mtu anayeheshimu kazi yake. Nimezungumza na watu kumi na wanne. Sita wananiambia kwamba alasiri ile, kabla polisi hawajafika, Haroun aliwapigia simu akawaambia, "Toka chumbani sasa hivi." Wanamshukuru, wapumbavu. Alijuaje? Anayejua saa moto utakapowaka ndiye mwenye kiberiti. Aliwauza wote, kisha akawanunua tena marafiki zake sita ili alale usingizi.

Sura ya tano nimeimaliza, na hiyo ndiyo fahari ya kitabu. Ni ombi letu la Machi 2008. Wewe ulisema lisipelekwe, kwamba mbuzi haendi kujiandikisha kwa chui. Maneno ya mwoga. Nililiandika kurasa nne, mfasiri akaligeuza kwa Kichina, nikalipeleka serikalini kwa mkono wangu nikiwa nimevaa tai, kuomba ligi itambuliwe kisheria na tupewe uwanja. Nikaambatanisha kila kitu ili waone kwamba sisi si wahuni bali watu wenye utaratibu. Hawakujibu. Ofisi isiyojibu barua iliyoandikwa vile ni ofisi ya washamba, na nimewaambia hivyo katika ukurasa wa hamsini na mbili.

Umechelewa. Nimechapisha kwa laoban mmoja, yaani bosi, wa soko la Zhanxi, ambaye huchapa lebo za maboksi ya viatu, na kwa kweli herufi zake ni safi kuliko za magazeti mengi. Chausiku anakuja na nakala arobaini. Moja nimeiandikia Mwadini, maana katika kitabu hiki yeye ni shujaa.

Salvatory Ndunguru

*

Kikwajuni, Unguja
29 Septemba 2009

Salvatory,

Leo sikuiti Mwalimu.

Chausiku alipita kwa Mwadini kabla ya kuja kwangu, kwa kuwa nyumba yao iko njiani. Alipofika kwangu na barua yako, Mwadini alikuwa ameshafika ukurasa wa sitini na tatu. Usiku haujaingia, posa imerudishwa. Fathiya alitoka uani akasema yeye hajamkataa mtu. Haroun alirudishiwa nguo alizoleta za posa kwenye mfuko mbele ya majirani, na hakusema neno.

Hakusema kwa sababu mie ndiye niliyemwambia asiseme. Sasa sikiliza, na usinikate kwa hoja zako mpaka nimalize.

Siku ile Huanshi Zhonglu walimkamata, wakampeleka ndani, na juu ya meza yao palikuwa na karatasi zako. Ombi lako la kurasa nne, na nyuma yake daftari zima ulilolitoa kopi. Muhuri wako wa duara, ule uliouchongesha kwa madaha, umepigwa kwenye kila ukurasa. Walimtafuta humo wakamkuta ni wa ishirini na mbili. Wakatazama viza yake, ikawa hai, kwa sababu alikuwa akisoma Kichina kwenye skuli yao. Wakamwachia. Hiyo ndiyo siri ya saa nne zake.

Alikuja kwangu mbio. Tukakaa tunapiga simu, mie upande huu na yeye upande ule, kwa kila aliyekuwa na viza iliyokwisha. Wengine hawakupokea. Mwadini alikuwa ameiacha simu yake kwenye chaji kwa jirani. Ndiyo maana walichukuliwa tisa, na si thelathini. Na Burhani walimfuata chumba alichokwisha kukihama kwa sababu chumba hicho ndicho ulichokiandika wewe mwaka 2008. Daftari jipya, ambalo Haroun alikuwa akiliona kila Jumapili, lilikuwa na chumba kipya. Wewe unayetafuta ushahidi ulikuwa nao mkononi ukaufanyia mzaha.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Siku ile Xiaobei walikuwa wanatafuta mtu wa kumpiga. Wewe una miaka hamsini na mitatu na moyo unaokwenda kwa vidonge. Nikamwambia Haroun, "Huyu mzee watamuua. Wewe unaondoka baada ya wiki. Chukua maneno, yatakufa." Hayakufa. Nilimtwika kijana mzigo wa mtu mwengine kisha nikaja kuoga na kula futari. Kwa hilo nitukane upendavyo, nitakubali. Lakini hukunitukana kwa hilo. Ulinitukana kwa kuwa muungwana, na uungwana wangu ndio uliokulindia meno yako.

Nilikwenda kwa Mwadini nikamwambia yote. Akanijibu kuwa mie ni msuluhishi tangu kuzaliwa na msuluhishi husema chochote. Ataamini mwandiko wa yule aliyeandika kitabu, basi.

Kalamu unayo.

Zubeir

*

Guangzhou, 8 Novemba 2009

Haroun,

Barua ya Zubeir ilinifikia tarehe kumi na tano Oktoba. Imenichukua siku ishirini na nne kuijibu, na siku hizo nyingi nilizitumia kutafuta kosa ndani yake. Nilitaka sana Zubeir awe mwongo. Nilitoa nakala ya ombi langu kabatini nikaangalia milango kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, chumba kwa chumba. Yote imo. Na chumba cha Burhani ni kile cha zamani, ghorofa ya sita, kwa mwandiko wangu.

Karatasi ya kwanza katika bahasha hii ni ya Mwadini. Nimeiandika bila pambo, naiweka hapa pia ili ujue inasema nini:

*Mimi, Salvatory Ndunguru, ndiye niliyepeleka majina, vyumba na viza za wachezaji wote katika ofisi ya serikali, Machi 2008, kwa hiari yangu, baada ya kukatazwa na mwenyekiti wangu. Polisi waliwafuata kwa daftari langu. Haroun hakumtaja mtu. Aliwaonya aliowapata, na wewe hukupatikana. Niliyoyachapa juu yake ni uongo, na niliyachapa kwa sababu nilipenda hoja yangu kuliko nilivyompenda yeye.*

Hilo limekwisha. Sasa lako.

Nimewadharau watu wengi maishani, baadhi yao kwa haki. Sijawahi kumkuta anayestahili dharau kama yule mzee wa tai aliyebeba watu mia na kumi na wawili kwenye bahasha akawakabidhi kwa serikali, kisha akakaa mwaka mzima akilalamika kwamba hakujibiwa. Alijibiwa. Lile la Juni ndilo lililokuwa jibu.

Kwa hiyo naandika kitabu upya. Rasimu imo humu. Sura ya mwisho sasa inanihusu mimi, kurasa kumi na moja, na sijajionea huruma hata mstari mmoja. Wewe umo katika sura yako peke yako, kama mtu aliyeokoa watu. Na ili asisahaulike hata mmoja, mwishoni nimeweka ukumbusho: wachezaji wote wa misimu sita, majina yao kamili, timu, nafasi uwanjani, na mtaa anaoishi kila mmoja. Nitachapa nakala mia tano. Zitagawiwa Zhanxi, Xiaobei, Dar na kwenu. Ulichonyang'anywa kwa maandishi utarudishiwa kwa maandishi.

Nasubiri ruhusa yako.

Salvatory Ndunguru

*

Unguja, 23 Novemba 2009

Mwalimu,

Nilikuwa nikikuamkia shikamoo kila Jumapili. Leo nimeiacha, usiitafute.

Ile karatasi nilimpelekea Mwadini. Aliisoma amesimama mlangoni, kisha akairudia. Akaniuliza, "Huyu si ndiye aliyekuwa akituita majina uwanjani?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Ingia, chai inapoa." Nikaingia. Fathiya alikuwa ndani anasikia. Harusi ni wiki ya pili baada ya Idi Kubwa. Kwa hilo nakushukuru, na shukurani yangu inaishia hapo.

Kitabu nimekisoma chote. Sura yangu ni nzuri. Sikuwa hivyo. Nilikuwa naogopa, namba moja niliipiga mara tatu nikikosea.

Halafu nikafika mwisho, kwenye huo ukumbusho wako. Nikamwonesha Mwadini. Akausoma, akatoka nje. Nimekaa nimewahesabu. Wachezaji thelathini na mmoja katika hao bado wako huko na viza zao zimekwisha. Burhani yumo. Analala Zhanxi kwenye ghala la viatu, hajaonekana barabarani mchana tangu mwezi wa sita ila akiwa na mkokoteni. Wewe umeandika: Burhani, beki wa kushoto, Zhanxi. Unataka nakala mia tano, na nyengine uzigawe hapo hapo anapolala.

Miye uliyeniita msaliti nilikaa mbele ya meza ile saa nne, wananionesha picha moja moja, na sikusema huyu namjua. Wewe umewataja mara mbili, na mara zote mbili hukuombwa. Mara ya kwanza ulitaka wakuone una utaratibu. Safari hii unataka tuone unavyojuta. Kwa Burhani ni mamoja.

Unaniomba ruhusa. Sikupi. Toa majina yote. La kwangu toa pia, katika sura mbaya na katika sura nzuri. Kama kitabu chako hakiwezi kusimama bila ya majina ya watu waliojificha, kiache kianguke.

Haroun

*

Guangzhou, 13 Desemba 2009

Haroun,

Barua yako ilinikasirisha siku tatu. Niliandika jibu la kurasa nane, lenye hoja kwamba historia isiyo na majina ni porojo, na mifano kutoka mabara manne. Ilikuwa hoja nzuri. Nilikuwa naisoma kwa sauti, peke yangu, nikifurahia kila mahali pa kuvuta pumzi.

Jumatano nilikwenda Zhanxi. Katikati ya kelele na maboksi nikamwona Burhani anasukuma mkokoteni wa viatu, amekonda, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Mita kumi kutoka kwake walisimama polisi wawili wanakagua watu. Aliwapita bila kugeuza shingo. Kisha akaniona mimi. Akaacha mkokoteni njiani na kuingia baina ya maboksi, na hakutoka. Nilisubiri pale nusu saa. Mwenye mzigo alikuja akauchukua mwenyewe huku akinitukana, na safari hii nilimwelewa Mchina bila mfasiri.

Nilirudi nyumbani nikachana zile kurasa nane. Daftari nilililoweka kwenye ndoo ya maji mpaka wino ukawa tope, nakala za pasipoti nikazichanachana, na muhuri wangu nikautupa. Nakala ya ombi pia. Ile iliyoko kwao siwezi kuifikia, na hiyo nitaishi nayo.

Kitabu nimekipeleka tena kwa laoban wa lebo. Kimebaki na tarehe, matokeo, hali ya hewa na mechi zilizoahirishwa kwa sababu ya makontena. Katika fainali ya 2006 mtu wa Zhanxi alifunga dakika ya sabini, na kipa akaokoa penalti dakika ya themanini na nane. Jina lililobaki ni moja, la katibu, na maelezo ya alichokifanya. Nitachapa nakala thelathini, nazo zitakwenda nje ya nchi hii zote.

Pale palipokuwa na majina nimeacha nafasi. Laoban hakupenda. Alimwita mkewe, anayejua Kiingereza kidogo, aniulize kama ni kosa la mashine. Nikamwambia si kosa. Mumewe akasema kupitia kwake kwamba anaweza kuibana mistari zikapungua kurasa kumi, kwa nini niharibu karatasi bure. Nikamwambia asiguse. Akageuza ukurasa juu, akautazama kwenye mwanga, akaniuliza hizi nafasi zote ni za nini.

Nikamwambia ni wachezaji.

Salvatory